Bi Uzi, Kivuli cha Boti na Neno NYUMA

Walioniomba niandike wasifu huu hawakujua kwamba wanamwomba mtu aliyeuchafua. Kwa miaka kumi na tisa nimeficha jambo moja kuhusu mfanyakazi tunayemuaga, na nimeona nisiende nalo kaburini. Nitalisema mwisho, kwa sababu kwanza ana haki ya kusifiwa kama wastaafu wengine. Wewe utakayesoma ukurasa huu kwenye sherehe, ukibanwa na muda ruka sifa. Aya ya mwisho usiiruke.

Bi Uzi anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya kuitumikia karakana yetu ya boti kwa miaka thelathini na minne. Ameshona maturubai, vifuniko vya injini, mito ya viti na mifuko ya maboya isiyo na idadi. Siku ya kwanza alifika na mkasi wake mwenyewe, umefungwa ndani ya kitambaa kama mtoto mchanga. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi. Nilimwonyesha kiti, yeye akauliza uzi uko wapi. Nikampa. Akauvuta karibu na sikio, ukakatika.

"Huu ni wa vifungo vya shati, Bwana Msimamizi," akasema. "Majini utatuaibisha."

Jina likamganda siku hiyohiyo.

Chumba chake kiko nyuma ya karakana: dirisha moja, cherehani mbili, na meza ndefu ambayo ukipitisha kiganja juu yake unahisi vitobo vya sindano vya miaka yote. Hapo hajawahi kumfukuza mtu aliyekuja kupumzika, wala hajawahi kumwazima mtu mkasi. Fundi seremala alipoomba kwa mara ya tatu, aliambiwa, "Omba figo, kaka, nitafikiria. Mkasi, hapana."

Kazi iliyompa sifa ni kivuli cha kukunja. Kilianza na mvuvi tuliyemwita Kaptura, maana hata kwenye harusi ya binti yake alikwenda na kaptura. Jua lilikuwa limemla masikio na shingo, na daktari alimwambia achague: avue chini ya kivuli au aache kuvua. Alikuja na mkewe, na mkewe ndiye aliyeanza kusema.

"Mtazameni baba watoto. Mkate uliosahauliwa jikoni. Mwekeeni paa."

"Nikiwekewa paa nitatupaje wavu?" Kaptura akauliza. "Au nitakuwa navua dari?"

Mimi nilitaka paa la kudumu, nguzo nne na bati jepesi. Nilikuwa nimeshalichora, na mchoro wangu ulikuwa mzuri. Bi Uzi hakuupinga. Aliomba tu akakae ndani ya boti kwanza. Boti ilikuwa uani, imeegemezwa juu ya magogo. Akakaa humo tangu asubuhi hadi saa za kufunga kazi, na chaki mkononi, akimwamuru Kaptura atupe wavu usiokuwepo, avute nanga isiyokuwepo, asimame, ainame, ageuke. Kila mkono ulipofika, akaweka alama. Mafundi waliacha randa zao wakaja kutazama. Kaptura alisema tangu azaliwe hajawahi kuchoka vile bila kupata hata dagaa mmoja.

Mwisho wa siku Bi Uzi alitueleza. Paa la kudumu lingezuia mkono wa mvuvi na kushika upepo. Mwavuli mkubwa ungepinduka. Turubai la kujiviringisha kwa springi lingependeza kwa mwaka mmoja, kisha chumvi ingeila springi. Alichotaka yeye ni matao matatu ya bomba jembamba, yaliyokutana kwenye bawaba moja kila upande wa boti, na turubai limevishwa juu yake, likunjike kama kifuniko cha kigari cha mtoto. Mtu aweze kukifungua kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa kwenye usukani.

Rangi aliichagua bila haraka. Aliloweka vipande vitatu vya turubai kwenye ndoo ya maji ya chumvi, akavianika juu ya paa la choo cha karakana, akavirudisha kwenye ndoo, na kuendelea hivyo kwa wiki sita. Cheupe kilirudisha mwanga machoni. Cheusi kilitunza joto kama pasi. Akabaki na cha kijivu. Mke wa Kaptura alitaka chekundu, ili amwone mumewe akiwa mbali. "Mama, akionekana hivyo," Bi Uzi akamwambia, "hata samaki watampungia mkono."

Lakini jambo kubwa kuliko rangi lilikuwa upande wa kukunjia. Boti ikienda mbele, upepo hutoka mbele. Kivuli kilichokunjwa nyuma, upepo hukilaza. Kilichokunjwa mbele, upepo hukiingia kwa chini na kukiinua. Ni jambo dogo, mtoto analielewa. Kwa hiyo Bi Uzi alishona mishono mitatu ya uzi mwekundu kwenye ukingo wa turubai, upande unaokwenda nyuma ya boti. Hapo ndipo mkasa ulipojificha, kwa sababu katika karakana yetu, tangu ilipofunguliwa, nyekundu ilikuwa alama ya mbele. Kila mbao, kila fremu, kila boti iliyokuwa bado mifupa ilipakwa rangi nyekundu mbele.

Siku ya kumalizika kazi, mama yake alikuwa anafanyiwa upasuaji wa jicho. Bi Uzi alikikunja kivuli, akakiacha mezani, akaomba ruhusa ya siku moja. Tulikubaliana kwamba kitafungwa akirudi. Mchana wakatufikia wageni, wenye karakana kubwa kuliko yetu, nami nikataka waone. Nikakibeba na kukifunga mwenyewe. Nyekundu nikaielekeza mbele. Wageni walipiga makofi, na wakaandika kwenye madaftari yao. Boti ilikuwa imesimama juu ya magogo, na kivuli kikifunguliwa kwenye boti iliyosimama hakisemi lolote.

Kaptura hakuwa na subira ya kungoja kesho. Jioni hiyo aliichukua boti yake kwa ruhusa yangu, na asubuhi Bi Uzi alipofika kazini hakuikuta. Saa tatu tukapata habari. Kaptura alikuwa anarudi kwa kasi, kivuli kimekunjwa mbele, mkanda ukalegea, upepo ukaingia chini, na matao yote matatu yakainuka kwa pamoja yakamwangukia begani. Mfupa ulivunjika. Uliungana, lakini mkono wake haukupanda tena juu ya kidevu. Mtu aliyetupa wavu tangu ujana akamaliza maisha yake akivua kwa mshipi.

Mkuu wa karakana alituita ofisini, sisi wawili. Aliuliza nani aliyeweka alama nyekundu nyuma.

"Mimi," Bi Uzi akajibu. "Mbele kila mtu anapaangalia, mkuu. Nyuma ndiko kunakohitaji ukumbusho. Ila najua kanuni ya hapa ni nyingine, ndiyo maana niliacha karatasi. Niliibana kwa pini juu ya turubai."

Mkuu akanigeukia mimi. Nikasema sikuona karatasi yoyote.

Bi Uzi alinitazama. Hakuwa na hasira usoni. Alinitazama kama anavyotazama mshono, akitafuta pale ulipoachia. Kisha akafunga mdomo, na kuhusu jambo hilo hajaufungua hadi leo.

Kwenye faili lake iliandikwa kwamba alitumia alama kinyume cha kanuni bila kuacha maelezo, na mteja akaumia. Mstari mmoja tu. Kwa mstari huo, ukuu wa sehemu ya ushonaji ulimpita mara mbili. Wakuu wote wawili waliowekwa juu yake, yeye ndiye aliyewafundisha kazi. Wa pili alikuwa hajui hata kutunga uzi kwenye cherehani, naye Bi Uzi akamwonyesha taratibu, akimwita "mkuu" bila kejeli.

Wiki ileile ya ajali alikifungua kivuli cha Kaptura, akakigeuza na kukifunga upya. Kabla ya kukifunga, alishona kwenye ukingo wake neno moja kwa uzi mwekundu, herufi kubwa kama kiganja: NYUMA. Tangu hapo boti hamsini na tatu zimefungwa kivuli chake. Hakuna hata kimoja kilichomdhuru mtu, na kila kimoja kina neno hilo. Wavuvi wengi wanadhani ni nembo ya karakana. Wanataniana wakishindana kurudi, "Leo Nyuma atakuwa mbele!" Mimi kila nilipopita zinapoegeshwa boti, nilikuwa nasoma barua ileile mara hamsini na tatu, yenye anwani yangu.

Kaptura alifariki miaka minne iliyopita. Nilimtembelea alipokuwa kitandani, akacheka kama kawaida yake. "Nilikimbia jua, bwana, kivuli kikanipiga. Lakini mwambie yule dada simlaumu hata chembe." Ulikuwa ujumbe wa maneno machache, na nyumba ya Bi Uzi haiko mbali. Sikuufikisha. Kama ningeufikisha, angeniuliza kwa nini Kaptura adhani yeye ndiye wa kulaumiwa, na mimi sikuwa tayari kwa swali hilo. Bi Uzi, huo ndio ujumbe wako. Umechelewa kwa sababu yangu.

Sasa ni zamu yangu kulala kitandani mchana. Daktari wangu ameacha kusema "ukipona". Siku hizi anasema "ukipumzika". Mwezi uliopita Bi Uzi alikuja kuniona, akakuta jua la saa tisa limenikalia usoni kupitia dirishani, na mke wangu amelizuia kwa kanga mbili na kiti. Alitoa utepe wake kwenye mkoba, akapima dirisha. Baada ya siku tatu akarudi na kivuli cha kijivu, matao mawili madogo na kamba ya kuvutia. Akakifunga mwenyewe, huku akikataa kushikiwa kiti.

"Kivute taratibu, Bwana Msimamizi," akasema alipokuwa anatoka. "Hiki hakipigi mtu."

Mke wangu alicheka. Mimi nilikigeuza mara tu alipoondoka, nikaukagua ukingo wote. Hakushona neno lolote. Ninaandika chini ya kivuli hicho, aya moja kwa siku, na ukingo huo mtupu ndio uliokuwa mwisho wa ujanja wangu.

Basi, kwa niaba ya karakana, ya mafundi waliopata nafasi ya kukaa kwenye meza yake ndefu, na ya wavuvi ambao masikio yao bado ni mazima, tunakushukuru, Bi Uzi. Nenda ukapumzike. Mkasi wako uondoke nao, usimwachie mtu. Tunakuombea siku nyingi za afya, jicho lisilochoka, na kiti kilichowekwa upande unaoupenda wewe. Namwomba mkuu wa karakana, kabla faili lake halijafungwa, aukate ule mstari na aandike ukweli ufuatao.

Karatasi ilikuwepo. Nimeiambatanisha na ukurasa huu, imekunjwa mara nne, na tundu la pini limezungukwa na kutu. Imeandikwa kwa mkono wake: "Wekundu ni nyuma. Usifunge bila mimi." Mtataka kuamini kwamba niliipata baadaye, mfukoni, wakati maji yalikuwa yameshamwagika. Hata mke wangu nilimwambia hivyo, na kwa miaka kadhaa nilijaribu kuamini mwenyewe. Haikuwa hivyo. Niliisoma nimesimama kando ya boti, wageni wakiningoja, bolti ya kwanza ikiwa bado kiganjani. Niliielewa. Niliona haya mshonaji anifundishe mbele na nyuma, nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikakaza.