Turubai la Viwanja Viwili

Benchi letu liko chini ya baraza la zege la fundi pancha, mahali ambapo jua halijakanyaga tangu jengo lisimame. Tunakaa wanne. Yupo Mwalimu, mama mstaafu wa hesabu, mwenye sauti ya kengele na chupa ya kahawa isiyokauka. Yupo Fundi, anayeshona viti vya magari. Yupo Rada, anayejua siri za serikali kabla serikali yenyewe haijazijua. Na mimi, wanayeniita Pasipoti, kwa kuwa nimetengeneza majokofu katika nchi kumi na moja na sijanyamaza kuhusu hata moja. Ng'ambo ya barabara ndipo vilipo viwanja vyetu viwili vya pikoboli, ule mchezo wa vibao na kipira cha njano chenye matundu. Simjui mtu anayefungwa mechi vizuri kuliko mimi. Wiki mbili zilizopita Mwalimu alianguka pale katikati, kwa jua. Ofisi ya viwanja ikatia kufuli na kuandika barua: leteni kitambaa kimoja cha kufunikia viwanja, mlichokubaliana wote, Ijumaa kabla ya saa saba mchana, la sivyo patakuwa maegesho ya magari. Siku hiyo ndiyo ilikuwa Ijumaa yenyewe. Saa ilikuwa tano na nusu, na mbele yetu vitambaa vitatu vya mfano, kila kimoja ukubwa wa shuka.

— Turubai la plastiki, la bluu, — alisema Fundi akilinyanyua juu ya vichwa vyetu. — Oneni kivuli hicho! Na tone la maji halipiti.

— Hewa nayo haipiti, — akasema Mwalimu. — Unataka kunipika mara ya pili?

— Nakufikiria wewe, Mwalimu.

— Unafikiria cherehani yako, inayotaka kushona plastiki. Tangu Jumatatu unafikiria cherehani yako.

Nikaona zamu yangu imefika.

— Sikilizeni. Nchi ya saba niliyokaa, walifunika uwanja kwa plastiki kama hiyo. Upepo ukaja, turubai likang'oka na nguzo zake, likaenda kutua juu ya kituo cha polisi. Mkuu wa kituo akalipenda, akakataa kulirudisha.

— Juzi ulisema hospitali, — Rada akanikata.

— Liling'oka mara mbili.

— Pasipoti, hata uongo wako umechoka kusafiri. Mimi nasema turubai zito, la kijani. Nyie mnadhani wanataka maegesho kweli? Wanataka tukae wazi. Kuna macho huko juu, yanahesabu nani anacheza saa za kazi.

— Rada, wewe huna kazi, — Mwalimu akasema.

— Ndiyo siri yenyewe! Wakiijua je?

Fundi alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Kisha akajifuta, akakunja uso kama mtu wa kamati.

— Kijani hapana. Chini ya kijani kila mtu anaonekana mgonjwa. Mpinzani wako atakuonea huruma, atakuachia pointi.

— Basi mimi nachagua kijani, — nikasema.

— Na hii neti je? — Mwalimu akainyanyua ile ya tatu, rangi ya mchanga, iliyofumwa wazi kiasi cha kumwona mtu upande wa pili.

— Hicho ni chandarua, — Fundi akasema. — Labda kama tunacheza na mbu.

— Lakini kivuli chake ni kilekile, — Mwalimu akasema, akiitazama juu ya kichwa chake. — Hilo ndilo linalonishinda. La bluu kivuli safi. La kijani kivuli safi. Neti, kivuli safi. Siku ya tano leo tunavinyanyua hapa na sioni tofauti.

— Tupige kura, — Rada akasema.

— Tumepiga mara nne. Kila mtu anajipigia, na Pasipoti anapiga mbili, — akasema Fundi.

— Moja ni ya nje ya nchi, — nikajitetea.

Mwalimu hakucheka. Akaikunja neti taratibu, akaiweka magotini.

— Nyie mna mzaha. Mimi nasema hivi: wakiegesha gari hata moja pale, watu watasema uwanja uliuawa na mama mmoja aliyezimia. Miaka thelathini na nne nimewaambia watoto wa watu wasimame, wajibu swali. Sasa mimi nikalishwe chini na barua? Sikalishwi. Leo hatuondoki hapa bila kitambaa.

Hapo ndipo aliposogea dada mmoja aliyekuwa akisubiri gurudumu lake. Gari lake dogo la mizigo lilikuwa limeinuliwa kwa jeki, nyuma limejaa miche ya matunda. Tulikuwa tumempa kikombe, naye alikuwa ametusikiliza kimya kwa muda mrefu kuliko tulivyostahili.

— Samahani, wakubwa zangu. Naweza kuuliza?

— Uliza, binti, — akasema Mwalimu.

— Mnapimaje kivuli mkiwa kivulini?

Fundi akatazama kitambaa chake. Rada akainua macho, akaliona lile zege kana kwamba limemwagwa asubuhi hiyo. Mimi nikafungua kinywa kutafuta nchi ya kusimulia. Kati ya zote kumi na moja, hakuna iliyojitokeza.

— Mimi nabeba miche tu, — dada akaongeza, kama anayeomba radhi. — Ukiikosea kivuli, jioni imelala.

Mwalimu akaimwaga kahawa yake chini. Sijawahi kumwona akimwaga kahawa.

— Bebeni vyote vitatu.

— Wapi? — Fundi akauliza.

— Uwanjani.

— Mwalimu, kuna kufuli!

— Kufuli limefunga mlango. Halijafunga uwanja.

Upande wa nyuma, ua wa waya una tundu ambalo mipira yetu hutorokea. Mwalimu alipita wa kwanza, kwa magoti, gauni limekamatwa mkononi. Rada akapita akitazama angani. Fundi akapita, kisha dada wa miche, ambaye hakuna aliyemwalika na hakuna aliyemzuia. Mimi nikaingiza kichwa, nikaingiza mabega, halafu tumbo likasema hapana. Mipaka kumi na moja nimevuka, nikakwama kwenye waya wa uwanja ninaofungiwa kila siku.

Basi mengine niliyaona kutokea tunduni. Wakafunga pembe moja ya kitambaa kwenye nguzo ya wavu, Fundi, Rada na dada wakashika zilizobaki, Mwalimu akasimama chini, palepale alipoangukia. Jua lilikuwa utosini.

La bluu: akahesabu mpaka ishirini, uso ukaanza kung'aa kwa jasho.

— Jiko hili. Toa.

La kijani: thelathini na tano.

— Hewa imesimama. Toa.

Neti: hamsini. Mia. Nikaona kitambaa kikipumua juu yake, na ukosi wa gauni lake ukitikisika. Akaokota kipira cha njano kilichosahaulika siku ile, akakirusha juu, akakidaka bila kukitafuta.

— Na mvua? — Fundi akajaribu mara ya mwisho, jasho likimdondoka.

— Mvua ikinyesha tutaenda nyumbani kama watu wengine. Mimi sikuangushwa na mvua.

Fundi akaitikia kwa kichwa, Rada naye, na mimi tunduni nikapiga kura moja tu. Mwalimu alikuwa amefika mia mbili na arobaini, bado anahesabu, alipotokea afisa wa viwanja nje ya mlango, funguo kiunoni, faili ameliweka kichwani kujikinga na jua.

— Nani kawaruhusu kuingia?

Rada akatazama chini. Fundi akanitazama mimi. Mimi nilikuwa nimeingia nusu tu, na nusu mtu hajibu maswali.

— Mwanangu, — Mwalimu akasema bila kuondoka mahali pake, — sisi tumeshakubaliana. Kitambaa ndicho hiki. Lakini siwezi kusaini karatasi iliyo juu ya kichwa chako. Ingia kivulini tuongee.

— Mwalimu, hapa pamefungwa.

— Naona. Mia mbili na hamsini. Umefungiwa nje, juani.

Afisa alisimama. Tone la jasho likamtoka kwenye kidevu, likaangukia funguo. Akatazama lile kufuli, akatazama neti, akatazama nafasi iliyobaki kando ya Mwalimu.

Akafungua kufuli lake mwenyewe, akaingia, akalishusha faili.