Bastola Iliyofichwa Bafuni kwa Batula

Jua likitoka Small Heath, mtaani Birmingham, hakuna anayekunywa kahawa ndani. Benchi la Rahmo liko nje, limesukumwa ukutani kati ya mgahawa wake na duka la kinyozi, na Barabara ya Coventry yote hupita mbele yake: mabasi, akina mama na vigari vya watoto, vijana wanaoongea na simu kama wanagombana nazo. Jumamosi ile ya Aprili mwaka 2018, Gedi alikuwa ametoka zamu ya asubuhi na bado amevaa koti la udereva wa basi. Hapo kijiweni aliitwa Injinia. Hakusomea uinjinia, ila hakuna mashine ambayo angekubali kusema haijui. Kushoto kwake alikaa Hirsi, jina lake Redio, kwa sababu habari zilimfikia zikiwa mbichi na yeye akazitoa zikiwa zimeungua. Kulia alikaa Albert, mtu wa Uvira aliyeletwa hapa na vita pamoja na mkewe na watoto. Huyo walimwita Mheshimiwa, maana hakufungua mdomo mpaka wote wanyamaze. Rahmo mwenyewe, mwenye mgahawa, alisimama mlangoni na flaski ya kahawa ya tangawizi, tayari kumkatiza yeyote.

Hirsi ndiye aliyeanza, macho kwenye simu.

— Skizeni hii. Huko Amerika wametengeneza bastola janja. Unaishika, inakusoma kidole. Kama si wewe mwenyewe, hata ubonyeze mpaka kesho, haitoi kitu!

— Wamechelewa, alisema Gedi. Hiyo kitu ilitakiwa iwe imetoka kitambo. Iko na sensa, kile kifaa cha kuhisi, hapa kwa mpini. Ingine inatumia pete. Ukivaa pete, inafunguka. Ukivua, inakuwa chuma tu.

— Na betri ikiisha? aliuliza Hirsi. Mwizi ako kwa mlango, wewe unamwambia, "Ngoja kaka, niko na asilimia mbili, nitafutie chaja."

— Itakuwa na betri ya akiba.

— Na ikitaka kujisasisha? "Tafadhali subiri, bastola yako inapakua toleo jipya."

Rahmo alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kisahani.

— Simu yangu yenyewe hainijui nikikanda unga wa anjera, alisema. Naiwekea kidole, inaniambia jaribu tena. Sasa bastola nayo nikaifanyie hivyo, nioshe mikono kwanza?

Gedi hakuwa mtu wa kushindwa. Alinyanyuka kidogo, akaeleza kwamba kidole ni mambo ya zamani, kwamba inakuja bunduki itakayosikiliza mapigo ya moyo. Ukiwa na hasira, inajifunga. Ukilewa, inajifunga.

— Ukipenda je? aliuliza Rahmo. Moyo wa mtu anayependa pia unakimbia.

— Inajifunga pia. Wacha ajifunze kutulia.

Hirsi naye akapanda juu zaidi. Alisema bunduki zote duniani zitaunganishwa na setilaiti, na kutakuwa na jamaa mmoja ofisini mwenye swichi moja tu. Akibonyeza, vita vyote vinazimika. Kisha akawaza kidogo, akasema shida ni siku jamaa huyo akienda kula chamcha halafu mtu wa kufagia aiguse ile swichi kwa bahati mbaya.

Walipomaliza kucheka, Albert aliweka kikombe chake chini.

— Mais, ndugu zangu, bintu gani munasema? Munaamini kama mutu mubaya atazuiwa na kidole? Kule kwetu, kama anataka kidole, atakikata. Atakibeba kwa mufuko. Voilà, bunduki itamusalimia.

Kwa miaka yote aliyokaa kwenye benchi lile Gedi alikuwa amezungumza juu ya injini, ndege, na maji ya mfereji, lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwahi kulileta pale. Sasa lilimtoka.

— Papa Albert, wacha nikuambie. Nilikuwa na ndugu mdogo, Sahal. Tulikuwa tunaishi Eastleigh kule nyumbani, ploti moja na polisi wa akiba. Mzuri tu, alikuwa anatununulia andazi. Siku moja akaenda kuoga, akaacha bastola chini ya mto. Mtoto wake na Sahal wakaingia kucheza polisi na wezi. Sitaki kusema zaidi. Lakini hiyo bastola ingemjua mwenyewe, Sahal angekuwa hapa leo. Angekuwa ananibishia kama nyinyi.

Hirsi aliizima simu yake. Albert alimwekea Gedi mkono begani, akauacha hapo.

— Pole, ndugu yangu. Pole sana. Kwa mutoto, uko na haki, sikatai hata kidogo. Lakini ile asubuhi batu balitutosha, balitufukuza kwa nyumba yetu, bunduki haikuwa imeibwa. Ilikuwa kwa mikono ya mwenyewe. Ingesoma kidole chake, ingemwambia, "Ndiyo chef, endelea." Ni ile tu inaniuma.

Wakakaa hivyo, wote wawili na haki yao. Basi likasimama, likashusha watu, likaondoka.

— Na ile ambayo haina ujanja wowote, sauti ikasema, mtu akiikuta nyumbani kwake, afanye nini?

Waligeuka. Kando ya Rahmo, mlangoni, alikuwa amesimama Batula, mama wa mapacha, mwenyeji wa Garissa aliyehamia mtaa mdogo wa ng'ambo ya barabara majira ya baridi yalipoanza. Alikuwa mtu wa kununua chapati zake, kusalimu na kwenda. Hakuwahi kusimama nao. Hirsi alifungua mdomo atoe mzaha, akamwona macho, akaufunga.

— Nyumbani kwa nani? aliuliza Rahmo polepole.

— Kwangu.

Aliwaeleza akiwa amesimama vile vile, mikono ndani ya ushungi. Maji yalikuwa yakivuja chini ya bafu, mwenye nyumba hashiki simu, basi asubuhi ile akaamua kung'oa ubao wa pembeni atazame mwenyewe. Ndani, nyuma ya bomba, kulikuwa na taulo iliyofungwa. Si yake. Akavuta ncha ya taulo, ikafunguka, akaona mdomo wa bastola umemtazama. Hakuugusa. Alifunga mlango, akawapeleka mapacha kwa jirani yake Balwinder, akasema anakwenda dukani. Tangu hapo alikuwa akizunguka barabarani hajui aingie wapi, mpaka akasikia watu wanajadili bunduki.

— Nikajua hapa wako wanaojua, alimaliza.

Injinia aliyejua sensa na pete na mapigo ya moyo alijikuta anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Hirsi ndiye aliyejaribu.

— Kukutwa nayo tu ni jela, dada. Miaka mitano, nimesoma. Itie kwenye mfuko, itupe mferejini.

— Watoto wanavua samaki mferejini, alisema Albert.

— Basi hama, alisema Rahmo. Chukua watoto, njoo ukae kwangu.

— Na watakaoingia baada yangu je? Nao wana watoto.

Gedi alimwona tena Sahal akiinama kando ya kitanda cha watu. Akasimama.

— Hakuna atakayeigusa, alisema. Si wewe, si mimi. Tunaita polisi.

— Kaka Gedi, watasema ni yangu.

— Watasema nini wakati wewe ndiye unawaita? Niko na wewe. Sisi wote tuko na wewe.

— Miaka yote niliyokaa nchi hii, nyumba tatu sasa, polisi hawajawahi kujua jina langu. Nilikuwa nashukuru kwa hilo.

Gedi alipiga simu, akaweka sauti juu ili Batula asikie. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa mtulivu. Aliuliza kama kuna mtu nyumbani, kama kuna aliyeishika, kama mlango umefungwa. Kisha akasema kwamba mwenye kutoa taarifa si lazima ataje jina, na kwamba akipenda, askari wanaweza kuja kimyakimya na gari la kawaida, bila sare, jirani yeyote asijue.

Hirsi alipumua kwa nguvu.

— Alhamdulillah. Hiyo ndiyo njia. Kimyakimya.

Gedi naye alikuwa ameshaanza kusema ndiyo. Batula akamshika mkono wa koti.

— Hapana. Ngoja. Wakija kimya, itaondoka kimya. Aliyeificha atajuaje kwamba haipo? Siku moja atakuja kuitafuta, na atakayemkuta ni mimi na wanangu. Nitamwambia haipo, atakubali?

Walitazamana. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amefikiri hivyo. Albert alitikisa kichwa kwa kustaajabu.

— Nipe simu, alisema Batula.

Aliishika kwa mikono miwili, na kwa Kiingereza chake cha kunyooka akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, kisha nyumba na mtaa. Akasema hataki gari la kawaida. Waje sasa hivi, jua likiwaka. Waje na sare, waje na taa, mtaa mzima uone kitu kile kikitoka.

Na kweli walikuja na taa. Magari yaliziba mtaa ule pande zote mbili, askari wenye silaha wakaingia mlango ambao Batula aliwapa ufunguo wake kwa mkono wake mwenyewe. Balwinder na mapacha waliletwa mpaka benchini, na Rahmo akawapa watoto mandazi yote yaliyobaki kwenye kabati. Kila dirisha lilikuwa na kichwa. Vijana waliokuwa wakizurura kona ya mbali walisimama wakitazama, kisha mmoja akaondoka haraka akiwa na simu sikioni. Batula alimwona. Gedi pia alimwona, akaogopa. Lakini Batula akasema taratibu:

— Vizuri. Apeleke habari.

Gedi alitazama mlango wa nyumba ile na hakuomba ila jambo moja, kwamba wasisikie mlio wa risasi.

Hawakusikia. Askari mmoja mwanamke alitoka amebeba sanduku lililofungwa, akaliweka garini mbele ya macho ya watu wote. Kisha akavua glavu, akamjia Batula. Alimwambia kwamba bastola ilikuwa na risasi ndani, tayari kabisa, na imechakaa kiasi kwamba hata kidole cha mtoto kingetosha kuifyatua. Akasema amefanya vyema kutoigusa, na vyema zaidi kuwaita. Watahitaji maelezo yake baadaye, akiwa ametulia. Akanyoosha mkono. Batula akautazama kwanza, kisha akaupokea.

Gedi aliketi chini, pale pale kwenye ukingo wa njia ya miguu. Albert alishuka akakaa naye, magoti yakilia.

— Kidole cha mtoto, alisema Gedi.

— Nimesikia.

— Papa, haikuwa na sensa. Haikuwa na chochote.

— Haikuwa na kitu, ndugu yangu. Ilikuta mama mwenye akili, basi.

Magari yalipoondoka, watu walibaki milangoni na madirishani, kila mtu akingoja mwenzake. Batula alitembea mpaka katikati ya barabara yake, mahali ambapo madirisha yote yangemwona, akainua uso.

— Haipo tena! alipaza sauti. Haipo nyumbani kwangu! Imeondoka!

Alilisema neno hilo kwa Kiswahili, akalisema kwa Kisomali, akalisema kwa Kiingereza, na kila mara sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Rahmo akapiga vigelegele. Balwinder akaanza kupiga makofi, na makofi yakapokewa mlango kwa mlango. Kinyozi alitoka na mteja wake aliyenyolewa nusu ya kichwa, shuka shingoni, nao wakapiga. Hirsi alikuwa akipuliza mluzi kwa vidole viwili kama yuko uwanjani, machozi yakimtiririka bila yeye kuyajali.

Wale mapacha walimchomoka Balwinder mikononi. Hawakujua ni nini kilichokuwa kimeondoka, na siku ile hakuna aliyewaambia. Waliona tu mama yao, anayewakataza kelele kila siku, akipiga kelele na mtaa mzima ukimshangilia. Wakamzunguka mbio, sukari ya mandazi midomoni, wakiimba kwa Kiingereza chao cha Birmingham kwamba imeondoka: "It's gone! It's gone!" Na Batula, aliyehama nyumba tatu ili asijulikane na mtu, akavishika vile vidole vyao vidogo, akaimba nao.