Mwenye Kauli ya Jaruba la Mwisho

Nisogezeeni mto, wanangu, kisha mnyamaze, maana pumzi iliyobaki sitaki kuigombania na vilio vyenu. Badru, wewe uliyetoka Makorora na mnunuzi wa majaruba nyuma yako kabla hujaniuliza naumwa nini, kaa. Zuwena, toa mkono kwenye paji langu; si sufuria hiyo.

Mirathi ina sheria yake, ulimi wangu hauongezi wala haupunguzi. Ninachousia ni kazi: nani atasimama kwenye majaruba yetu ya chumvi, nani ataamuru maji yaingie na yatoke. Marehemu baba yenu aliponiachia kazi ile, ami zenu walisema mwanamke na chumvi wapi na wapi, labda ya kutia mchuzini. Na mchuzi wao wote, tangu siku ile, umekolea chumvi yangu! Acheni nicheke, hata kama kifua kinauma.

Sikia ulipokosea mwaka jana, Badru, nami sisemi kwa chuki. Uliona maji ya jaruba la mwisho, lile la kukaushia chumvi, yamepungua, ukaogopa, ukafungulia maji ya bahari, ukidhani maji mengi ndiyo chumvi nyingi. Mwanangu, jua huchukua maji tu, chumvi haliigusi. Kadiri maji yanavyoondoka ndivyo yanayobaki yanavyozidi ukali, mpaka yashindwe kuibeba chumvi, ikae chini. Wewe ukayazimua, na punje zilizokwisha kukaa zikayeyuka mbele ya macho yetu. Zuwena alipokupigia kelele ukamjibu, "Nyamaza, mimi kaka yako." Ukaka haukaushi maji, baba.

Huyu mdogo wako anajua hata lile linalowashinda wazoefu: kutongoja maji yaishe kabisa. Mwenye tamaa huyaacha yakauke hadi tone la mwisho, na uchungu uliojificha humo nao ukaganda, akauza chumvi ya kukunja uso. Zuwena akiona punje zimekaa, maji yaliyosalia huyamwaga. Sikumfundisha kwa fimbo. Alionja, akatema, akakumbuka. Najivunia mwanangu, nisipojivuna leo nitajivuna lini?

Basi nausia... ngojeni... lango la maji lisifunguliwe ila kwa kauli yake. Na majaruba yasiuzwe maadamu yeye anayataka. Hili la kuuza siwezi kukulazimisha, Badru, fungu lako ni lako. Ndiyo maana naomba ridhaa yako, yeye akisikia. Usiangalie mkeka. Sema.

"Nimeridhia, mama. Mnunuzi nitamrudisha."

Alhamdulillahi. Mungu awape riziki isiyo na husuda... na watoto watakaowapita kwa akili, msiwaonee wivu.

Sasa tokeni. Jaruba la mwisho limeiva tangu asubuhi, na jua la Tanga halimsubiri mgonjwa. Zuwena, tangulia ukayamwage maji machungu. Mimi... mtanikuta, au hamtanikuta. Badru, jembe liko uani. Mfuate mdogo wako.