Mzee Gatimu, Mkaguzi wa Mikono

Tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Mzee Dedan Gatimu atavua ovaroli yake kwa mara ya mwisho katika karakana yetu hapa Nyeri. Aliajiriwa mwaka 1991 kuosha vyuma nyuma ya jengo. Anaondoka akiwa msimamizi wa idara ya injini, na sijui mwingine kati yetu ambaye hajawahi kukwaruza alumini iliyong'arishwa.

Wateja humletea vifuniko vya injini vilivyopakwa rangi na watu waliodhani wanavirembesha. Kazi yake ni kuitoa rangi bila kuugusa mng'aro ulio chini. Msasa hataki kuuona, na brashi ya waya ndiyo usiitaje kabisa. Hupaka dawa ya kutoa rangi isiyodhuru alumini, kwanza upande wa ndani usioonekana, halafu hunywa kikombe kizima cha chai akingoja kuona itakavyokuwa. Mteja mwenye haraka hupewa chai pia. Ofisi ilibidi inunue chupa kubwa zaidi.

Rangi ikishavimba, huikwangua polepole kwa mwiko wa mbao. Mwiko huo aliutoa jikoni kwa mkewe, Watiri. Mama alikuja kuudai, akaukuta umegeuka wa buluu, akarudi zake nyumbani, mtaa wa Skuta, mikono mitupu. Hadi leo hatujaambiwa mzee alikula nini jioni ile.

Lakini mimi, Kajuju, nina deni lingine la shukrani. Mwaka 2009, nikiwa na wiki tatu tu kazini, Bi. Warigia alileta kifuniko cha injini ya pikipiki ya marehemu babake. Marehemu alikuwa akikisugua kila Jumamosi hadi kinang'aa, kisha fundi fulani akakipaka rangi nyeusi. Familia ilikuwa ikutane Jumapili kumkumbuka, na Warigia alitaka kiwe kimerudia mng'aro wake.

Nikajitia ujuaji. Vyuma tulikuwa tunaviloweka kwenye beseni la kostiki soda, dawa kali inayounguza, basi na mimi nikakitumbukiza humo. Jameni! Maji yakaanza kutokota bila moto, povu likapanda. Kwa hofu nikatia mikono nikitoe, bila glavu.

Mzee Gatimu alinishika viganja, akanivuta hadi kwenye bomba na kuifungulia mikono yangu maji kwa robo saa nzima. Kifuniko kilikuwa bado kwenye beseni, kinaendelea kuliwa, na nilimwambia hivyo nikilia. Hakugeuka kukitazama.

"Nionyeshe mikono," alisema. "Alumini itangoja."

Kilipotolewa, rangi ilikuwa imetoka lakini alumini yenyewe imekuwa nyeusi na kupoteza ulaini wake. Meneja wa wakati huo alitaka niende nyumbani siku hiyohiyo. Gatimu akamweleza kwamba hakuna aliyenifundisha tofauti ya chuma na alumini, na kwamba mwenye kufundisha alikuwa yeye. Alimwambia Warigia maneno hayohayo. Kisha akakaa siku mbili akikisugua kwa mkono, mpaka uso ukarudi, isipokuwa alama ndogo kwenye kona. Warigia alilia alipokiona, na akakichukua. Beseni lile liliwekewa mfuniko na maandishi mekundu, nami nikabaki kazini miaka kumi na sita hadi sasa.

Tangu siku ile, kila anayetoka kwenye dawa humwonyesha mikono kabla hajaonyesha kazi. Mafundi wenye mvi hupanga foleni wakinung'unika, lakini hupanga.

Wiki iliyopita alinikabidhi mwiko. Anaelekea Kangema kwenye shamba lake la majani chai, na nina hakika wachumaji huko watakaguliwa pia.

Asante, Mzee. Tunakuombea wewe na Mama Watiri afya na siku ndefu za utulivu, na mwiko mpya tumeshamnunulia. Siku ya kukuaga tutakunyooshea mikono sote, wafanyakazi ishirini na wawili. Hesabu vidole, utavikuta vyote.