Mukeka Uliotuonyesha Siku za Maji

Risala ya wamama wa robine ya Kasha kwa Bwana Bourgmestre, siku ya Mungu, tarehe 19 Julai 1959

Mugeni rasmi wetu, Bwana Bourgmestre, kaa vizuri juu ya kiti hicho lakini usiegemee sana, kwa maana kimetoka nyumbani kwa Maman Colette na muguu wake mumoja ni mufupi. Padri wetu, mukubwa wa kartie yetu ya Kasha, wababa, wamama, na ninyi watoto muliopanda juu ya ukuta: jambo kwenu wote.

MAKARIBISHO

Sisi wamama hamsini na wawili tunaochota maji hapa Kasha tunakupokea kwa moyo mweupe. Umekuja kutufungulia robine ya pili, bomba mupya la maji. Tumefagia njia mupaka chini, tumevaa vitambaa vya Pasaka, na leo hakuna aliyenuna, hata Maman Virginie. Kazi yako ya kuongoza komini yetu ingali mupya. Ndiyo sababu tunapenda ujue mapema namna sisi tunavyopima kazi ya Leta, ya serikali, usije ukaisikia njiani.

HABARI YA MAHARAGI

Robine ya kwanza ilipata mulinzi, Papa Philémon, baba wa watoto sita. Ufunguo ulikuwa wake. Lakini kuna siku tulifika na ndoo zetu, kengele ya misa inalia, na maji hakuna. Tulipiga kelele. Komini ikatujibu kwamba karatasi yake inaonyesha maji inatoka kila siku.

Kati yetu kuna muzee mumoja, Koko Apolline, aliyesoma darasa tatu tu kwa masista. Yeye si mutu wa kelele. Alichukua kibuyu. Siku maji ilitoka mbele ya kengele kulia, alitia haragi jeupe. Siku haikutoka, haragi jekundu. Desemba nzima, Januari nzima. Kisha akabeba kibuyu mupaka ofisini, sisi nyuma yake, akakimwaga juu ya meza ya karani.

Karani alicheka. "Maman, munaniletea shauri ao munaniletea chakula?"

"Hesabu," Koko akamwambia.

Akahesabu. Meupe arobaini na mane, mekundu kumi na manane. Hakucheka tena. Akauliza: "Na ufunguo iko na nani?"

Sisi wote kwa mudomo mumoja tukajibu: "Philémon!"

Wengine tukaongeza kwamba anapenda kasiksi, ile pombe ya ndizi. Ni kweli, anaipenda. Nani haipendi? Februari haijaisha, Philémon akafukuzwa, na katika kitabu chake cha kazi wakaandika neno moja: muvivu. Siku alipoleta ufunguo, alipita kwa Koko Apolline.

"Koko, kama maji haifike kwangu, mimi ninaifungua na nini?"

Koko alimwambia kila mutu aliyefukuzwa ana maneno yake. Akaingia ndani kupika. Na yale maharagi, Bwana Bourgmestre, tuliyala siku ile ile, mekundu na meupe katika sufuria moja, tukaimba.

KAZI TULIYOFANYA

Tarehe moja Machi akaanza mulinzi mupya, Gaston. Gaston hagusi pombe, anaimba kanisani, anaamuka mbele ya jogoo. Jumatano ya kwanza, maji hakuna. Jumamosi, hakuna. Sisi tulianza kumutazama Gaston vibaya. Koko Apolline yeye alianza kujitazama mwenyewe.

Alitaka kupima tena, lakini maharagi yalikuwa yamekwisha, na hata yangekuwapo, ndani ya kibuyu yanachanganyikana. Basi akaanza mukeka. Jani jeupe kwa siku ya maji, jani jeusi lililolala katika matope kwa siku ya ukavu. Kila musitari juma moja: unaanza siku ya Mungu, unaisha Jumamosi, kisha anashuka musitari mwingine. Hakufikiri atavumbua kitu. Alitaka tu siku zisikimbie.

Katika musitari wa tisa, mukamwana wake Clémence alisimama mulangoni na mutoto mugongoni.

"Maman, hayo maua unayosuka ni mazuri."

"Sisuke maua. Ninasuka majuma."

"Basi majuma yako iko na mistari mbili nyeusi, imesimama kama miguu ya mutu."

Koko akasukuma mukeka mbali na macho yake, akaona. Weusi wote ulikuwa umepangana, mumoja chini ya mwingine. Jumatano, Jumatano, Jumatano. Jumamosi, Jumamosi, Jumamosi. Siku nyingine, hakuna hata jani jeusi moja. Akapitisha kidole juu ya weusi ule, toka juu mupaka chini. Kisha akasema: "Mulevi gani anakunywa kwa kalenda?"

Jumatano iliyofuata alifuata tuyau ya maji kwa miguu, akapanda mulima na fimbo yake, polepole, mupaka kule juu penye robine kubwa. Akakuta mutu mumoja wa kazi, Bisimwa, ameifunga na anavuta tumbaku.

"Mutoto wangu, nani alikuambia ufunge?"

"Ni ordre, Koko. Jumatano na Jumamosi maji inaenda kuosha magari ya ofisi."

"Ordre ya nani?"

"Mimi niliikuta. Na yule aliyekuwa mbele yangu, yeye pia aliikuta."

Amri hiyo iliandikwa wakati Kasha ilikuwa na nyumba nane. Nyumba zikaongezeka, watoto wakazaliwa, ordre ikabaki pale pale, na hakuna aliyeiuliza kitu. Padri wetu alituandikia barua. Tuliipeleka komini pamoja na mukeka. Katika juma la kumi na moja ordre ikafutwa, na magari yanaoshwa leo na maji ya ziwa. Tunasikia hayakulalamika.

Tangu siku ile tumesuka mistari tisa. Yote ni myeupe, ila Ijumaa moja ya Juni, kamyo la mizigo lilipovunja tuyau. Ile nayo tumeitia nyeusi. Hatukuificha, kwa maana tukificha moja, hutaamini zile nyingine. Mistari ishirini ndiyo hii mbele yako. Hakuna mwanamuke wa Kasha asiyejua kuisoma, na wengi wetu hatujui hata a-e-i-o-u. Tunajivuna, Bwana Bourgmestre. Turuhusu tujivune kidogo.

LINALOTULEMEA

Linatulemea jambo moja, na limekaa pale nyuma, karibu na muti wa avoka, katika koti lake la ndoa. Ni Papa Philémon. Tulimuomba aje. Alikataa mara mbili, mupaka Koko Apolline akaenda mwenyewe.

Kwa maana tangu mukeka ulipoonyesha ukweli, Koko alipokutana naye njiani alijifanya anatafuta kitu ndani ya kikapo chake. Siku alipokwenda kumuita hakubeba kikapo. Alimwambia: "Nilihesabu vizuri, lakini nilihesabu vibaya. Nilijua ni siku ngapi, sikuuliza ni siku gani. Nikakupa zote wewe."

Philémon akajibu: "Koko, hata kuniuliza?"

Hakuna aliyemuuliza. Sisi hamsini na wawili tunaona haya, tunaisema mbele ya Padri na mbele ya watoto wake. Ordre imefutwa, lakini neno katika kitabu chake halikufutwa. Kila mahali anapokionyesha, wanalisoma, wanakifunga. Leo analima mashamba ya watu kule Mumosho.

MAOMBI

Hatuombi robine ya tatu. Tunaomba ile neno ifutwe kwa wino wa komini, na ya kweli iandikwe pale pale. Tena robine unayofungua leo iko na ufunguo. Gaston anabaki na wake. Huu mupya, tunakuomba uutie katika mukono wa Philémon, sisi tukiona.

Kama shauri hili linataka karatasi nyingi, hatukulazimishe leo. Mukeka huu tunakupa, uutundike ofisini, mahali karani anauona. Sisi tunaanza wa pili kesho. Jani jeupe, siku ambayo Philémon iko na ufunguo wake. Jani jeusi, siku ambayo hana. Na juu yake hatutaandika jina la mulinzi yeyote. Tutaandika komini. Koko Apolline amekwisha kupasua majani ya aina zote mbili, lakini anasema macho yake yamechoka na weusi.

Mungu akulinde na nyumba yako, akupe miaka mingi na watu wa kukuambia kweli. Ukiisha kusomwa musitari huu, Philémon atatembea mupaka mbele.

Papa Philémon, njoo.

Sisi wamama wa robine ya Kasha