Sauti Iliyokaa Ng'ambo

Asalaam aleikum kwa ndugu zangu Waislamu. Wenzangu wa kanisani, Bwana asifiwe. Na asiyepata salamu yake kati ya hizo mbili, habari za mchana. Wakubwa wote, shikamooni.

Marahaba zenu nimezisikia. Nyingine zimetoka kiuvivu, naona pilau limewakalia vibaya.

Mimi ni mwalimu wa historia hapa Kilindoni. Kwetu ni Singida. Nililetwa kisiwani na barua ya ajira, miaka hii ya hifadhi ya bahari, wakati kila mkutano wa kijiji watu wanabishania mipaka ya kuvulia. Nilidhani nitakaa kidogo niombe uhamisho. Nikapanga nyumba Miburani, nikazoea, nikabaki. Majina ya watu sitayataja leo, maana wengine ni wazima na wana ndugu humu ndani.

Macho yangu yaliondoka bila kelele. Presha ya macho, kama wengi wenu mnavyoijua. Ilianza pembeni, nikawa nagonga milango. Kisha ikasogea, nikabaki na kitundu katikati, nasomea humo herufi moja moja. Halafu nacho kikazibika. Siku hiyo sikulia. Nilikaa kitandani nikiwa nasubiri kupambazuke, mpaka nikasikia wanafunzi wanapita wanarudi nyumbani.

Mkuu wa shule yetu wa wakati ule alikuwa mtu mpole. Aliniita ofisini akanikalisha mwenyewe kwenye kiti. Akaniambia muhula ukiisha watakuja watu wa wilaya, na kila mwalimu ataingiza alama za wanafunzi kwenye kompyuta kwa mkono wake, wao wakiangalia. Akasema, "Sasa mwalimu wangu, asiyeweza..." Akanyamaza.

Ndugu zangu, nawaambia, bora angemaliza. Sentensi isiyo na mwisho unaimalizia mwenyewe, tena unaimalizia vibaya. Mimi niliimalizia hivi: nitastaafishwa kwa maradhi, nitarudishwa Singida, nitakalishwa kigodani uani kwa wifi yangu na kuletewa chakula, na watu watapunguza sauti wakipita. Nilikuwa na umri wa kufundisha bado. Niliogopa kile kigoda kuliko nilivyowahi kuogopa kaburi.

Nina kaka yangu Dar es Salaam. Alisikia kuna kompyuta zinazomsomea asiyeona, akanipeleka dukani Kariakoo. Muuzaji akatuwekea mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa kuukuu, nzito, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyebanwa pua, anayetamka Kiswahili kama adhabu. Ya pili mpya, nyembamba, na humo alikuwamo binti anayesoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Anapumua kwenye mkato, anashusha kwenye nukta. Sikufikiri mara mbili. Hata kaka yangu alisema, "Huyu dada, ningemuoa."

Yule muuzaji alituambia, tena kwa majivuno, kwamba hii ya pili inafanya kazi kwa mtandao. Tukaitikia kwa vichwa kama watu wanaoelewa. Pale Kariakoo mtandao ulikuwa umejaa kama vumbi, nani angeuliza?

Nikarudi kisiwani na binti yangu. Siku za mwanzo nilikuwa bibi harusi. Nikaandaa masomo, nikaanza kuingiza alama. Jirani yangu, mama mmoja mzawa wa hapa, alikuwa akija kukaa mlangoni kumsikiliza tu.

Kisha yakaanza mambo. Binti anasoma, "Wanafunzi wafu..." halafu kimya. Nabonyeza, kimya. Najikalia, naikumbatia ile mashine niisikie kama ina joto. Ina joto. Ipo hai, haisemi. Mara, baada ya muda, anamalizia neno lake kwa upole uleule, kana kwamba hakuna kilichotokea: "...atao hawakuleta sare." Mimi jasho linanitoka.

Ninyi wenzangu mnajua. Mtu mwenye macho mashine ikinyamaza anaitazama, anajua iko wapi. Sisi ikinyamaza hatujui kama imekufa, au inafikiri, au inauliza swali na inasubiri jibu lako. Na mkono wako upo pale pale juu ya vibonyezo.

Masika yakaingia. Umeme ukawa unakatika, mnara wa simu unajikongoja kwa betri zake, kisha nao unazimika. Na binti akawa ananyamaza siku nzima. Jirani yangu alinisikia nikibembeleza, akaniuliza kwa woga, "Mwalimu, nani huyo unamsihi humo ndani?" Tangu siku hiyo akaacha kukaa mlangoni. Alikuwa akiniachia samaki dirishani na kuondoka haraka, na mimi sikumlaumu. Hata mimi nilianza kuiogopa ile mashine. Nikawa naifunika kwa kanga nikilala.

Alasiri moja nilikuwa nabonyeza kizani, ndani ya kimya, nikiamini naijua njia. Nikahisi pamegoma kidogo, nikabonyeza tena kwa nguvu. Kesho yake mwalimu mwenzangu akaitazama skrini. Akasema alama zote za kidato cha pili zimefutika. Mashine ilikuwa imeuliza kama nina hakika, nami nikaijibu ndiyo.

Baada ya hapo nikiingia ofisi ya walimu mazungumzo yanakatika. Kiti changu kikahamishiwa karibu na mlango, ati nisihangaike kupita. Siku moja nikaelekea darasani kwangu nikasikia sauti ya mwalimu mwingine inafundisha Vita vya Majimaji, somo langu. Hakuna aliyeniambia kitu. Nilisimama nje nikasikiliza mpaka kengele. Alikuwa anafundisha vizuri, na hilo ndilo lililoniuma. Nikafunga na kuomba. Nikaamini akili yangu nayo inafuata njia ya macho.

Huyo jirani aliyekuwa ananikwepa ndiye aliyeniokoa. Alimkumbuka mjukuu wa dada yake, mwanasheria Tanga, asiyeona tangu utotoni, akampigia kwa simu yake mwenyewe na kunishikisha sikioni. Nilijieleza, nikajilaumu, nikalia. Yule mwanasheria hana subira ya machozi. Alinikata katikati.

"Mwalimu, hiyo sauti inakaa wapi?"

Sikumwelewa.

"Inakaa ndani ya mashine, au inakaa mtandaoni?"

Nikazihesabu siku zile binti aliponyamaza: zote mnara ulikuwa umezimika. Kisha nikaona, naam, niliona, kuliko nilivyowahi kuona kwa macho. Nilikuwa nimenunua mdomo, ulimi nikauacha ng'ambo ya bahari. Kila neno lilikuwa linavushwa kwa mnara. Mnara ukilala, mimi bubu na kipofu kwa pamoja. Akili yangu ilikuwa nzima.

Nikamwomba kaka anibadilishie, aniletee ile ya pua iliyobanwa. Alinuna. Zawadi yake ilikuwa imemgharimu. Lakini alibadilisha, akaituma kwa boti. Yule mwanasheria akanifundisha kwa simu, jioni kwa jioni, vibonyezo badala ya kubahatisha, na kila nikikosea ananiambia rudia. Sauti ile ilikuwa mbaya, nawaambia, mbaya hasa. Lakini inakaa humo ndani. Haiendi popote.

Watu wa wilaya walikuja siku ya mvua. Umeme haupo, mnara umezimika. Mkuu wa shule alinong'ona kwamba ningeweza kuomba udhuru. Nikafungua mashine. Ikanyamaza. Nilihisi kile kigoda cha Singida kinaingia chini yangu. Nikabonyeza kama nilivyofundishwa, na ile pua ikasema jina la mwanafunzi wa kwanza. Niliingiza alama za darasa zima, ofisa amesimama nyuma yangu ananipumulia shingoni. Mwishoni akauliza ile sauti inasema nini, maana yeye haelewi hata neno. Nikamwambia inasema kazi imehifadhiwa. Jumatatu yake nikarudi darasani kwangu, Majimaji nikaimalizia mwenyewe.

Namshukuru jirani yangu, aliyeniogopa na bado akanijia. Namshukuru mwanasheria wa Tanga kwa ukali wake, na kaka yangu aliyemeza kinyongo. Na Mungu, aliyeniepusha na kigoda.

Ndugu zangu, asiyeona asichaguliwe mashine, aichague mwenyewe kwa vidole vyake, huku nyumbani kwake, siku mbaya. Siku nzuri kila mashine ni bibi harusi.

Nimeomba niseme kabla ya kura yenu ya jioni, na wageni wetu mtanisamehe, pilau lenu lilikuwa zuri. Asubuhi mlituwekea mezani mashine mnazotaka umoja wetu uzipokee, moja kwa kila mwanachama. Moja ikasoma, watu wakapiga makofi mpaka wengine wakalia. Mimi sikupiga. Ile sauti naifahamu, hata anavyopumua kwenye mkato.

Mwenyekiti, naomba uzime hicho kisanduku cha mtandao kilichoko dirishani. Kizime kabisa. Halafu mwambie binti atusomee ajenda.