Spika ya Kulia

Benchi letu liko Amalemba, mbele ya kibanda cha gemu cha Gentrix, na mimi ndiye ninayemimina kahawa. Nasema mapema kwa sababu wapo watu wakisikia kijiwe wanadhani ni mahali pa wavivu. Wavivu hawawezi kahawa yangu, ina tangawizi ya kumwamsha askari wa zamu. Jumanne hiyo mawingu yalikuwa yameanza kujipanga upande wa msitu, kama kawaida ya huku mchana ukishapinduka, na benchi lilikuwa na watu wake. Alikuwepo Onesmus, karani mstaafu wa mizani ya miwa, tunayemwita Hansadi kwa sababu anakumbuka kila neno lililowahi kusemwa hapa. Methali pia anazikumbuka zote, ila zinatumika wapi amesahau. Alikuwepo Bravin, fundi wa simu, ambaye hapa jina lake ni Voltage. Na Elvis, mchezaji hodari wa kibanda kile, aliyekwenda mashindanoni Eldoret wiki iliyopita akarudi mapema kuliko tulivyotarajia.

Gentrix alitoka ndani, akasimama mbele yetu mikono kiunoni.

Gentrix: — Wazee, kuna mtu anakuja kutoka Lugari na PS mpya. Anataka tubadilishane, nimpe spika zangu zote. Nimpe ama nisimpe? Akifika nataka nikuwe na jibu.

Spika hizo sote tulizijua. Ndogo tano na besi lake, zilizotundikwa kuzunguka chumba na marehemu mume wake, Shikanga, aliyekuwa fundi wa umeme. Ukikaa katikati ukicheza zile gemu za vita, unamsikia adui akinyata nyuma ya kisogo chako. Watu walitoka Iguhu na Mukumu kuja kusikia tu. Lakini PS yake, yaani mashine yenyewe ya kuchezea, imezeeka, inashika joto na kuzimika mchezo ukiwa mtamu, na wateja wanaenda zao. Kibanda hicho ndicho kinachomsomesha bintiye, Mitchel. Kwa hiyo swali lake halikuwa la porojo, ingawa alikuwa amelileta penye porojo.

Voltage: — Si uchukue hiyo mpya, na spika zibaki?

Gentrix: — Anataka spika, si pesa. Na hata zikibaki, haziingiani na hiyo mpya. Alinitumia picha ya mgongo wa hiyo mashine. Ile shimo ya waya ya taa nyekundu haiko.

Waya huo ndio uliokuwa ukibeba sauti za spika zote tano kutoka kwenye mashine ya zamani. Voltage alikubali kwa kichwa, kama daktari anayeijua hiyo homa.

Voltage: — Ni ukweli, walitoa. Siku hizi sauti na picha zinapita waya moja zinaingia TV. Na TV yako, Mama Mitchel, inatoa sauti mbili tu. Zile zingine zitakaa kwa ukuta zikikuangalia. Kuna kidude cha kuzitenganisha, lakini bei yake ni afadhali ununue ng'ombe.

Elvis: — Lakini kwa nini watoe? Shimo ni shimo tu.

Voltage: — Shimo ni pesa, bana. Wewe unaona moja, wao wanatengeneza mamilioni. Shimo wakiziba wanajenga ghorofa. Waliulizana, hii inatumiwanga na watu wangapi? Wachache. Haya, ziba.

Gentrix: — Na hao wachache?

Voltage: — Hao wachache ndio sisi.

Nikawaongezea kahawa, maana huzuni hailipi.

Hansadi: — Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hiyo mashine mpya ikuje, na hii ya zamani itapona hiyo joto yake.

Elvis: — Mzee, hiyo methali si ya mashine.

Hansadi: — Rakini si ni mgeni?

Elvis: — Sawa. Na hiyo mpya haitaki spika. Unavaa hedifoni, sauti inakuzungukia huko ndani ya kichwa. Mbele, nyuma, hata juu.

Hansadi: — Hapo ndipo nilikuwa nangoja. Spika ya ukuta inasikiwa na watu kumi. Hiyo ya masikio ni ya mtu mmoja. Kwa hivyo watauza kumi. Sikio halizidi kichwa, rakini hao wamezidisha.

Voltage: — Ongeza hapo. Kila mtu akiwa na masikio yake, nani atasikia mwenzake? Kiwanda cha miwa kingewapea wakataji hedifoni, mgomo haungekuwanga. Unasema "tugome", mwenzako anakujibu "goli".

Hansadi: — Na mvua ya mawe ikinyesha utaisikia? Huisikii. Wanataka turare njaa tukidhani mahindi iko shambani.

Voltage: — Mimi naona ile shimo waliziba kwa sababu yetu. Waliona benchi kama hii, wakauliza, hawa watu wanaongea sana, tutawanyamazisha namna gani?

Gentrix hakucheka. Alimgeukia Elvis.

Gentrix: — Wewe ulivaa hedifoni huko Eldoret. Ilikuwaje?

Elvis aliikodolea macho kahawa yake. Tangu arudi hakuna aliyethubutu kumuuliza hivyo uso kwa uso.

Elvis: — Mbaya. Nasikia nyayo, nageuka mahali huyo mtu anakuwanga. Hayuko. Ananimaliza kwa mgongo. Kila raundi. Watu walikuwa wananicheka, Mama Mitchel. Na hapa hakuna mtu ananishinda.

Voltage: — Ni hewa. Eldoret iko juu, hewa nyepesi, sauti inateleza. Hata yule kijana wa Shianda anachezanga hapa, alienda Kisumu akapigwa hivyo hivyo.

Elvis: — Kisumu iko chini.

Voltage: — Basi huko inazama.

Hansadi: — Mimi nasema kuna mtu aligeuza masikio ya vijana wetu. Si bure. Wote wapigwe kwa mgongo?

Hapo pikipiki ikasimama. Aliyeshuka alikuwa mtu wa makamo, koti la mvua hadi magotini, na nyuma kafunga boksi ndani ya gunia.

Kipyegon: — Hamjambo, wazee. Mimi naitwa Kipyegon, natoka Lugari. Ni hapa kwa Mama Mitchel?

Nikampa kahawa, akainywa yote akiwa amesimama, nikampenda hapo hapo. Kisha akaomba azisikie spika kabla ya mapatano. Elvis akawasha mashine, akacheza, sisi tukajazana mlangoni. Kipyegon alikaa katikati ya chumba akafumba macho. Akayafumbua. Akainuka, akasogea ukutani, akasoma mgongo wa spika moja kwa muda mrefu.

Kipyegon: — Samahani, mama. Hii imeandikwa L. Mbona iko mkono wa kulia?

Mimi mwenyewe, ingawa sikuulizwa, siku zote nilijua L ni ya kulia. Si herufi hiyo imo humo humo katikati ya neno? Voltage aliangalia viatu vyake. Hansadi ndiye aliyejitolea kutusaidia.

Hansadi: — Si iko sawa? L ni ya lait.

Kipyegon: — Lait?

Hansadi: — Lait, mkono wa kulia. Na ile ingine, R, ni ya reft, kushoto. Hiyo ni Kizungu.

Kipyegon: — Mzee wangu, hapo mmepishanisha. L ni ya left, kushoto. R ndiyo ya right. Hizi ziligeuzwa tangu siku ya kwanza.

Elvis akaweka padi ya kuchezea chini, polepole.

Elvis: — Kwa hivyo hapa nikisikia adui kushoto, ako kulia.

Kipyegon: — Na masikio yako yamezoea hivyo. Ukienda kwa watu, unageukia ukuta.

Voltage alianza kucheka, akajiziba mdomo, kwa sababu Gentrix alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja na hakuwa akicheka.

Kipyegon: — Si kitu kikubwa, mama. Niwageuzie waya sasa hivi? Halafu tuongee mambo yetu.

Gentrix: — Baba Mitchel alikuwa amesimama juu ya stuli, pale. Mimi nashika waya. Akaniambia, Gentrix, nipe ya lait. Nikampa yenye L. Akasema, asante, wewe ni fundi kunishinda.

Ndipo akacheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. Nilitaka kumpa kahawa, nikaona hapana. Niliumia, na sioni haya kusema.

Gentrix: — Usiguse waya. Na spika sitoi.

Elvis: — Mama Mitchel, na mimi?

Gentrix: — Wewe ukienda kwa watu, geuka pale unasikia. Ukiwa hapa kwangu, geuka vile umezoea.

Kipyegon alitazama mashine ya zamani, ambayo feni yake ilikuwa imeanza kulalamika.

Kipyegon: — Mama, hii yako inakufa. Ikizimika, watoto watacheza na nini?

Gentrix: — Ikizimika tutangoja ipoe.

Kipyegon: — Lakini kwa nini? Mimi nakupa mpya kabisa. Na hizi, usinielewe vibaya, zimewekwa kimakosa.

Gentrix aliupitisha mkono kwenye spika iliyoandikwa L, akafuta vumbi ambalo hatukuliona.

Gentrix: — Baada ya mazishi watu wa kwao waligawa vitu vyake. Koti alichukua kaka yake, baiskeli akapewa mpwa wake, hata redio ikaenda. Mimi nilikaa pembeni nikiangalia, ndiyo desturi. Hili kosa hakuna mtu alilitaka. Na tulilifanya wawili.